Mukeka wa Riziki Umeisha, Mama

Mama yangu,

Riziki ameolewa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza hilo kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. Mudogo wangu huyo ameolewa na yule kijana wa bandarini uliyekuwa unamwita "mupole kupita kiasi," na siku ya ndoa alikaa juu ya mukeka uliokuwa unamsukia. Ndiyo, ule ule. Ngoja nikueleze uliishaje, maana ulituachia kazi!

Ulipotuacha, ulikuwa umefika nusu. Dada yako, mama mukubwa Feza, alikuja kutoka Zongwe ili aumalize. Alijaribu mara mbili, na mara mbili akafumua. "Hii njo hesabu ya mudogo wangu peke yake," alisema. "Mimi siijui." Tukauviringisha, tukauweka juu ya kabati. Riziki akipita hapo alikuwa anageuza uso.

Kazi yangu unaijua: kutengeneza kompyuta na mashine za kuchapisha za mabiro, ofisi za hapa Kalemie. Nilikuwa na mashine mbili zilizokufa kabisa. Nikazitoa mota, nikazifunga juu ya ubao, nikapachika biki, kalamu ya wino. Kompyuta inaziambia mota ziende wapi, na biki inachora kwenye karatasi. Mwanzoni nilikuwa nachezea tu, nachora maduara. Riziki akacheka: "Yaya, mukubwa wangu, umetengeneza mashine ya kuchafua karatasi."

Ndipo sauti yako ikanirudia, ile ya barazani, miguu umeinyoosha, ukindu mudomoni: "Kila mustari unaangalia wenye uko juu yake. Majirani wawili wakipatana, weka nyeupe. Wakigombana, weka nyekundu." Tangu utoto nilidhani ni wimbo wako tu. Kumbe, Mama, ilikuwa kanuni kamili: majirani ni rangi mbili za mustari wa juu, na kupatana ni kufanana! Nikaiandika kwenye kompyuta kwa maneno machache, nikaipa mustari wa mwisho uliousuka, nikaiambia iendelee pale ulipoachia.

Ilichora vistari vifupi penye nyekundu, penye nyeupe ikaacha wazi, kimoja kimoja, toka asubuhi mpaka muchana. Kurani ya umeme ilikatika mara moja, nikapiga kelele kama muntu aliyeibiwa. Lakini pembetatu zako zilianza kutoka, ndogo ndani ya kubwa, na karatasi ikafanana na kitu kilichosukwa. Nililia kidogo. Kisha biki ikaishiwa wino, nikakimbia dukani na ndara mbili zisizofanana, moja yangu, moja ya Riziki.

Mama mukubwa alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole. Mimi nangoja sifa.

"Iko sawa," alisema. "Iko sawa sana. Lakini mudogo wangu hayuko humu."

Iliniuma, sikufichi. Nikakunjua mikeka yako yote iliyobaki nyumbani, nikaitazama mustari kwa mustari. Nikaona: hapa na pale kuna nyekundu isiyo na sababu, na kutoka hapo umbo lote linageuka. Nikakumbuka. Watu walikuwa wanapita njiani wanakusalimia, na wewe hujawahi kumunyima muntu salamu. Unaitika, unauliza habari ya watoto, hesabu inapotea. "Wacha," ulikuwa unasema, "hapo njo Mama Bahati alipita," unasonga mbele.

Basi nikaiwekea mashine salamu. Mara moja moja, saa ambayo hata mimi siijui, kompyuta "inasalimiwa" na inakosea rangi. Kila karatasi ikatoka tofauti. Nilichora tano. Ya nne, mama mukubwa aliishika akavua miwani. Nikafikiri nimeharibu tena. Kisha akacheka mpaka akakaa chini: "Huyu hapa! Huyu mwenye kusalimia dunia nzima!"

Akaiweka karatasi hiyo mbele yake, akasuka mpaka mwisho. Alijivuna kwamba hakuna atakayejua mukono wako uliishia wapi na wake ulianzia wapi. Siku ya ndoa Riziki alikaa, akapitisha kiganja juu ya mukeka, na kidole chake kikasimama palepale. Hakumuuliza muntu. Aliacha mukono hapo nyimbo zote, anatabasamu, kitambaa cha kichwa kinamteleza.

Sasa wamama wa kartie, mutaa wetu, wanakuja kuomba karatasi zao. Nami nawauliza: mama yako alikuwa anahesabu namna gani? Wengine wamesahau. Mama Bahati, yeye, aliimba yote palepale mulangoni, na mashine ikamchorea mawimbi. Ameyabandika sebuleni, juu ya picha ya ubatizo.

Lakini mama mukubwa, kabla ya kurudi kwao, alinivuta sikio kama mutoto: "Mashine yako inajua kusuka. Kompyuta inajua. Wewe, vidole vyako vinajua nini?" Nikaviangalia, Mama. Miaka yote nimekaa karibu nawe na sijui hata kuanza.

Kesho asubuhi napanda boti kwenda kwake Zongwe. Biro nimewaambia wanisubiri. Nakuahidi sitarudi kabla ya kumaliza mukeka mumoja kwa mikono yangu, hata ukipinda, hata ukiwa wa kulalia kuku. Nitauleta kwenye kaburi lako, niukalie, nikupe habari zote za Riziki ambazo haziandikiki.

Pumzika, Mama. Nafunga mizigo.

Mwanao,
Faida