Hakikisha Kuna Mtu wa Kuupokea

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua, na shemeji amepona kikohozi chake cha asubuhi. Wapwa zangu wasalimie mmoja mmoja, hasa yule wa mwisho anayeniita Mjomba Kompyuta. Mimi ni mzima. Nimelala vizuri usiku mbili mfululizo, jambo ambalo sikuliweza tangu baba azikwe, na ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini.

Usicheke kwamba mtu anayeshinda kwenye kompyuta amekuandikia kwa kalamu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza. Barua anakuletea mwenzangu wa kazini anayepita huko kesho. Mpe chai. Ana njaa ila haombi.

Uliniuliza habari za kazi, ukasema nabadilisha ajira kama mtu anayebadilisha shati. Ni kweli, dada. Nilianza kwa kumshikia baba tochi akifungua redio za watu, ndipo akaniita Waya. Halafu nikawa mchapaji wa barua pale steshenari. Halafu kile chumba juu ya duka la matairi, tulipokuwa watu sita tunatengeneza tovuti, tukirudi nyumbani tunanuka mpira kama tumeviringishwa barabarani. Kisha nikavuka mpaka kuja huku, kwenye kampuni inayohudumia wasafirishaji wa mizigo. Dirisha langu linatazama ukuta, na kiyoyozi cha jirani kinadondosha maji kwenye bati mchana kutwa. Mwezi ujao naanza mahali pengine, kutengeneza tovuti za zahanati, na kazi hiyo inafanyika popote penye meza na umeme. Hata kwenye meza yako ya kulia, ukiniruhusu.

Sasa nikueleze kitu kimoja cha kazi yetu, maana bila hicho hutanielewa. Tovuti ya mizigo haikabidhiwi kwa mwenyewe kabla haijajaribiwa. Fundi anajifanya mteja: anaagiza kitu, anaandika jina na namba ya simu, halafu anangoja kuona kama ujumbe utakwenda. Wenzangu wanatumia namba zao. Mimi tangu siku ya kwanza nilitumia namba ya baba. Nilitaka ajue mtoto wake anafanya kazi gani, kwa sababu alikuwa akiwaambia watu kwamba natengeneza kitu kisichoshikika.

Alifurahi mno. Kila ujumbe ukiingia alinipigia, akilalamika kwamba kampuni yetu inamwambia mzigo uko njiani tangu mwaka juzi, na njia hiyo bila shaka inapita mwezini. Siku nyingine alisema huyo anayemwita mteja mpendwa hampendi hata kidogo, maana hajawahi kumuuliza kama amekula. Nilikwenda nikayabadilisha maneno kwa ajili yake. Ile sentensi ya mwisho, inayosema tafadhali hakikisha kuna mtu nyumbani wa kuupokea, ni yake. Alisema mzigo usiopokelewa ni dharau kwa aliyeutuma.

Dada, umeshanielewa. Najua sasa hivi umeishusha barua mapajani.

Ulipoandika mwezi uliopita kwamba mama amekataa kuhamia kwako, hata baada ya kuteleza kwenye ngazi za uani, kwa sababu simu ya baba inaleta habari za mzigo na lazima awepo wa kuupokea, mimi nilijua. Ulipokwenda ofisi ya mizigo ukamfokea karani mpaka akakutolea kiti, nilijua. Karani yule hana kosa; ukipita tena mwombe radhi kwa niaba yangu. Mtumaji ni mimi. Baba hakuagiza chochote.

Ningeweza kusema nilisahau kuifuta namba, nawe ungeniamini. Sikusahau. Ni mstari mmoja tu, unafutwa kabla chai haijapoa. Lakini kila ninapotuma, kwenye kioo changu hutokea maneno mawili: ujumbe umepokelewa. Sikufika mazishini kwa wakati. Nilikuta udongo umeshakauka. Basi nikawa natuma, nayaangalia maneno yale mawili, na kwa muda mfupi inakuwa kama yupo, miwani puani, anatafuta pa kubonyeza. Sikujiuliza simu ile inachajiwa na nani. Uliponiandikia ndipo nikajua ni mama, na bado nikatuma mara mbili zaidi. Hilo ndilo lililozidi kuninyima usingizi.

Ijumaa nilimpigia mama nikamwambia yote. Nilimwomba asikudokeze mpaka barua ikufikie. Sijui kama ameweza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole huo mzigo ulikuwa na nini ndani. Nikamwambia kwamba kila ninapojaribu naandika kitu kilekile: feni moja ya mezani. Unakumbuka, baba alimwahidi mama feni tulipokuwa bado tunalala kitanda kimoja, akawa anatengeneza za mtaa mzima na yeye mama akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Dada, mama alicheka. Alicheka mpaka akapaliwa, akasema mume wake ni mwanamume wa ajabu, feni yake haifiki hata kwa majaribio. Halafu akalia kidogo, nami nikalia, na hakuna aliyemharakisha mwenzake. Mwisho akajipangusa, nikamsikia akivuta kamasi, akaniambia nisidhani nimesamehewa hivihivi. Feni anaitaka. Na nisiipeleke nyumba ile yenye ngazi mbovu, maana hatakuwepo. Niilete kwa mkubwa wangu. Huko ndiko atakakokuwa, na atakaa mlangoni mwenyewe kuipokea.

Kwa hiyo mtandikie kile chumba cha upande wa jua la asubuhi. Feni nimeshainunua, iko hapa miguuni pangu ndani ya boksi lake, na tarehe ishirini na mbili nitashuka nayo kituoni. Namba ya baba nimeifuta jana, mchana kweupe. Simu yenyewe mwache mama aendelee kuichaji akipenda.

Nisalimie shemeji, na majirani walioketi nasi siku zile za msiba. Kama una hasira, nibakizie kidogo nikija. Usizimalizie zote kwa shemeji. Na jioni mnapokaa mezani kula, nami mnikumbuke.

Mdogo wako,
Waya