Tochi Tupu Imewaka

Mwenzangu, uko hapo? Acha hayo mapishi usome. Tochi ya marehemu imewaka. Imewaka!

Si unazijua zile tochi zake kuukuu za chuma, rafu nzima sebuleni? Leo kaja yule mkusanyaji wa vitu vya kale kuzichukua zote, maana wanangu wamenisema mpaka nikakubali.

Akawa anazipangusa moja moja, anazisifia kama mtu aliyekuja kuposa. Akashika ile ndefu, ya kazi ya ulinzi. Ikamulika ukutani mara mbili, ikazimika.

Akacheka: "Bibi, hii bado ina betri!"

Nikamwambia, "Mwanangu, hakuna hata moja yenye betri. Mume wangu alizitoa zote, zisije zikavuja zikala chuma."

Akafungua kifuniko cha nyuma, akaiinamisha. Hakikudondoka kitu. Tupu! Akaiweka mezani polepole, jasho linamtoka. "Bibi, nitapita siku nyingine." Harudi huyo.

Lakini si hilo linalonitetemesha. Mara mbili, mwenzangu. Mara mbili! Unakumbuka? Akitoka lindoni alfajiri alikuwa anamulika dirisha mara mbili, nijue ni yeye nimfungulie.

Na mimi, kwa mazoea, mbele ya mgeni, nilishainuka nikafungua mlango.

Tochi nimezirudisha rafuni. Haziendi popote.

Kitendawili: mlango umefunguliwa, hakuna aliyeingia, na ndani tuko wawili.

Usinipe mji, njoo wewe mwenyewe. Mlango utaukuta wazi. Sina moyo wa kuufunga.