Git inataka jibu, na Kasyoka anasema "ni sawa tu"

Mpendwa Mama Nduku,

Pokea salamu kutoka Migwani, mimi naitwa Mulinge, na naomba unisaidie mawazo kwa sababu mimi na mwenzangu Kasyoka tunaandika programu ya kutuma meseji kwa wakulima wa mfereji mmoja huko Kibwezi, kumwambia kila mtu zamu yake ya maji, mimi niko huku mbali naandika sehemu ya meseji na yeye anaishi hapo karibu na mfereji na ndiye anaandika zamu, na Mama, huyo dada anajua kazi, ukisoma maelezo anaweka kwa kila badiliko utafikiri uko naye hapo shambani, "Mzee Mwau amebadilishana na Mama Katunge, sasa yeye ni Jumatano, mama ni Jumanne," nimefanya kazi na watu wengi wa kompyuta lakini hakuna mwingine nimeona anaeleza hivyo.

Sasa huku netiwaki ni ya kubahatisha, kwa hivyo nafanya kazi wiki nzima peke yangu ndio nivute kazi yake, na nikipiga pull, yaani kuvuta, Git, ile programu inatutunzia kazi yetu sote wawili, inaniambia kazi yangu na yake zimeachana njia, nichague zitaunganishwa aje, na nilikuwa nimesoma kwa mtandao ati rebase ndio safi, inaweka kazi yangu kando, inachukua ya mwenzangu, halafu inapanga yangu juu yake, historia inabaki mstari mmoja, nikaiweka iwe hivyo kila wakati, na juzi ikasimama katikati ikasema sisi wawili tumegusa mahali pamoja, pale kwa zamu ya Mzee Mwau, mahali nilikuwa nimerekebisha namba yake ya simu, nikachagua yangu nikatuma, kumbe yangu ilikuwa ya zamani, basi mzee na Mama Katunge wote wakapewa Jumanne, wakakutana kwa geti la maji kila mtu na jembe lake na nyanya zinakauka, na ni Kasyoka alienda kuwatuliza, akarekebisha, akaandika tu, "Zamu ya Mzee Mwau imerudi Jumatano." Hata hakunitaja.

Nilimpigia nikamuuliza tubaki na rebase ama tuende merge, ile inaunganisha pande mbili kwa fundo moja na kuacha kila kazi vile ilikuwa, akaniambia, "Ni sawa tu, kaka, vile utaona." Mimi nione nini? Zamu za msimu mzima zinatumwa Alhamisi, na wakulima wakichanganyiwa tena hawatatuamini. Niweke gani?

Mulinge, Migwani

*

Mulinge,

Kabla nikae mbele ya hii maiki ya redio nilisimamia waandishi wa programu kwa miaka, kwa hivyo haya mambo ya historia safi nayajua. Mtu ameokoa jina lako mbele ya majirani zake wawili wenye majembe, na wewe bado unawaza mstari unyooke. Pole kwa aibu uliyopata, lakini Kasyoka ameipata kukushinda.

Rebase usiilaumu bure. Hata merge ingesimama hapo hapo, kwa sababu mlikuwa mmegusa mahali pamoja. Kosa ni lako: uliamua zamu ya maji ya shamba hujawahi kukanyaga, na simu ulikuwa nayo mfukoni.

Fanya hivi leo. Ondoa ile rebase ya kila wakati, andika git config --unset pull.rebase, kisha git config pull.ff only, na yeye aweke hiyo hiyo kwake. Kama ni yeye tu amesonga mbele, pull itachukua kazi yake bila maneno. Kama wote mmesonga, itakataa, na ikikataa usome kwanza ameandika nini. Kazi yako ambayo hujatuma, ipange juu ya yake kwa rebase, ukiiambia wewe mwenyewe. Ile umeshatuma usiiguse, hiyo ni merge, na fundo liachwe lionekane. Zikigongana kwa zamu, yake ndiyo inabaki. Kwa meseji, yako. Na uvute kila siku ukipata netiwaki, wacha kungoja wiki iishe.

Sasa hiyo "vile utaona." Wewe umelelewa Ukambani kama mimi. Dada akimwambia hivyo mtu amemzidi umri, hajakubali, amemheshimu tu. Usimuulize tena kama ni sawa. Muulize angekuwa ni yeye anaamua angefanya aje, halafu unyamaze, hata kama kredo ya simu inaisha.

Na hayo mazuri umeniandikia kuhusu kazi yake, mbona redio nzima inayasikia kabla yeye hajayasikia? Mimi pia nimeyapenda maelezo yake, lakini wa kumwambia ni wewe.

Hiyo Alhamisi meseji hata moja isitoke kabla Kasyoka hajasoma zamu zote na kusema ziende. Huko Kibwezi wewe hawakujui. Wanamjua yeye.