Nne Katika Shimo la Kumi na Moja

Pitkerrow, Fife
2 Septemba 1967

Baba mpendwa,

Shikamoo, na umfikishie Mama salamu zangu. Sisi huku tu wazima. Babu alipata mafua wiki iliyopita, yakamwisha kwa chai na ukaidi. Mimi sina ugonjwa isipokuwa mitihani, na imebaki miezi tisa kabla sijawafuata huko Kanada.

Nina habari ambayo sikutegemea kukuandikia: nimeanza gofu. Babu alisema haiwezekani mtu akae Pitkerrow, nyumba imepakana na uwanja, halafu ashinde na vitabu kama padri. Basi kila Jumamosi natoka naye kwenye shindano la wanachama. Jumamosi iliyopita nilipiga mikwaju mia moja na kumi na minane. Bwana Cargill, katibu wa klabu, aliitazama kadi yangu akaniuliza, "Kijana, hii ni hesabu yako au namba ya nyumba?" Wote wakacheka. Babu peke yake hakucheka. Alisema, "Ni hesabu yake, Archie, na ni ya kweli. Wewe yako ya mwezi wa saba tuizungumze?" Wakacheka zaidi.

Naomba unieleweshe jambo moja. Par ni nini hasa? Nimesoma kitabu cha sheria mara mbili. Par ya uwanja wetu ni sabini, kwa hiyo mimi nimezidisha arobaini na nane. Nilipomuuliza Babu akanijibu, "Ni namba iliyoandikwa kwenye kadi. Ipige hiyo." Nikaona nisimuulize tena.

Kitu ninachokipenda ni kwamba mtu haandiki kadi yake mwenyewe. Babu huandika yangu nami naandika yake. Tukimaliza shimo kila mmoja anataja namba yake kwa sauti, mwenzake anaandika, na mwisho wote wawili tunatia sahihi.

Mwanao,
Struan


Ontario
17 Septemba 1967

Mwanangu Struan,

Marahaba. Barua yako nimeisoma chini ya mgodi wakati wa kula, kwa taa ya kofia, na wenzangu wakataka kujua nacheka nini. Mama yako hajambo, ila analalamika kwamba mkate wa huku ni kama sifongo.

Sasa sikiliza. Par haikuwekwa kwa ajili yako. Chukua shimo la par nne. Waliolipima walimfikiria mtu anayejua kweli: mikwaju miwili imfikishe kwenye nyasi fupi zinazozunguka tundu, na miwili ya kuusukuma mpira uingie shimoni. Shimo fupi ni tatu, refu ni tano, na ile miwili ya mwisho imo katika kila shimo. Mtu huyo haishi kwetu. Ndiyo sababu klabu humpa kila mchezaji punguzo lake, mikwaju anayoondolewa kwenye hesabu. Tuseme wewe wakupe thelathini na sita, yaani miwili kwa kila shimo katika mashimo kumi na nane. Basi kwako wewe shimo la par nne ni la par sita. Ukipiga sita umecheza vizuri, nenda zako kichwa juu. Usishindane na namba ya mtu mwingine.

Na usihesabu kwa kumbukumbu tu. Tia vijiwe mfukoni, kila mkwaju uhamishe kimoja mfuko wa pili. Kumbukumbu humpendelea mwenyewe.

Babu yako anakula vizuri? Huwa ananitaja?

Baba yako


Pitkerrow
8 Oktoba 1967

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua chako hakijaanza kukohoa kwa vumbi la mgodi. Babu anakula uji wake wa oti na samaki wake kama kawaida. Kukutaja, hajakutaja, lakini picha yenu ya harusi ameihamishia jikoni.

Vijiwe vimenisaidia. Nimeshuka hadi mia moja na tisa. Lakini vimeniletea na shida, kwa kuwa nilianza kumhesabia Babu kwa mfuko mwingine ili niwe mwandishi mzuri wa kadi yake.

Jana, shimo la tatu, mpira wake uliingia kwenye mtego wa mchanga. Alipiga mara tatu bila kutoka. Alipomaliza nilikuwa na vijiwe saba. Akasema, "Nne." Nilidhani ananitania. Nikasema, "Nne, Babu?" Akasema, "Nne. Masikio yako yameingia mchanga?" Nikaandika nne. Shimo la sita alipiga sita, akasema tano. La kumi na moja alipiga nane, akasema nne, na ulimi haukumtetereka.

Mashimo mengine alitaja sawasawa. Lakini tuliporudi kadi yake ilisoma sabini na tisa, yeye ambaye mwaka mzima hupiga themanini na nane. Bwana Cargill akasema, "Wattie, miaka sabini na minne na ndiyo kwanza unajifunza kucheza?" Wakampa zawadi ya mwezi, mipira sita mipya. Nami nilikuwa nimetia sahihi.

Baba, usiku sikulala vizuri. Hapa Pitkerrow mtu akilewa watu wanamsamehe, akigombana na mkewe wanamsamehe. Anayepunguza mikwaju hawamsalimii. Nifanye nini?

Mwanao,
Struan


Ontario
21 Oktoba 1967

Struan,

Hatujambo. Theluji imeanza.

Ngoja nikuambie jambo ambalo mama yako analijua na wewe hulijui. Mwaka 1946 nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilishinda shindano la vijana hapo hapo, na jina langu likaandikwa kwa chaki ubaoni. Baba yangu, huyo Babu yako, alikuwa akicheza shimo la jirani na alikuwa amenitazama. Akaenda mezani mbele ya watu wote akasema, "Kijana wangu amepiga sita kwenye shimo la tisa. Kadi inasema tano." Wakanifuta. Nilikuwa nimekosea kuhesabu, Struan. Nilisahau kweli mkwaju mmoja kwenye majani marefu, na mwandishi wangu hakuuona. Nilimwambia. Akanijibu, "Mtu hasahau mkwaju wake mwenyewe." Sikushika fimbo tena.

Sasa unaniuliza ufanye nini. Andika ulichokiona, kila mkwaju. Yeye asingekuonea huruma wewe.

Baba yako


Pitkerrow
15 Novemba 1967

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Nimefanya kama ulivyosema.

Jumamosi tulicheza watu watatu, mimi, Babu na Bwana Geddes wa duka la vyuma. Babu alikuwa akitaja namba zake nami nikawa naandika za vijiwe vyangu. Kwa kutaja kwake alipiga sabini na saba. Kadi niliyompa mezani atie sahihi ilikuwa na tisini na tatu.

Aliisoma pole pole. Akasema, "Hii kadi ya nani?"

"Yako, Babu."

"Hii si yangu." Akamgeukia Bwana Cargill. "Archie, huyu mtoto amechanganya kadi."

Bwana Cargill akamuuliza Bwana Geddes. Bwana Geddes alitazama viatu vyake akasema, "Kwenye kumi na moja nilihesabu nane, Wattie. Samahani." Bwana Cargill akaniuliza mimi kama ni mara ya kwanza. Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia kuhusu mwezi wa kumi.

Babu hakupaza sauti. Alisema tu, "Mjukuu wangu ananiita mwongo," akaenda kuvaa koti lake, akakosea mkono mara mbili.

Kamati ilikaa Jumatatu. Mimi nimesamehewa kwa kuwa ni mdogo na nilisema ukweli. Yeye wamemfuta uanachama, baada ya miaka hamsini na mmoja. Mipira ile sita ameirudisha minne, miwili ilikwishaingia baharini.

Siwezi kusema ninajisikia nimefanya haki. Tafadhali niandikie haraka.

Struan


Pitkerrow
3 Desemba 1967

Baba,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Labda ni posta.

Nitakuandikia yote kwa utaratibu, kwa sababu nikiyaacha kichwani siwezi kusoma.

Jumamosi ya kwanza baada ya kufutwa, Babu aliamka saa kumi na mbili, akavaa viatu vya gofu, akasafisha fimbo zake na kuniambia, "Amka, tunachelewa." Nilidhani anataka kuwakabili. Nikamwambia, "Babu, si wamekufuta?" Aliniangalia kama nimempiga kofi. "Wamenifuta kwa nini?" Ikabidi nimwambie yote, tangu shimo la tatu. Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu.

Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Aliamka, akavaa, akaniita. "Wamenifuta kwa nini?" Nikamwambia. Kila mara ni kama ndiyo kwanza anasikia, na kila mara uso wake unafanya kile kile. Jana, Jumamosi ya tatu, nilificha viatu, akatoka na vya nyumbani, nikamkuta langoni anatetemeka, wanachama wanapita pembeni yake kama hayupo. Nikamwambia pale pale, mbele yao, ili arudi.

Kisha nikachukua nakala za kadi zake mbili, ya mwezi wa kumi na ya mwezi wa kumi na moja, nikazipanga mezani na daftari ambamo nimekuwa nikiandika hesabu ya vijiwe na namba alizotaja. Baba, kila namba aliyotaja isivyo sawa ni par ya shimo lile lile. Hakuwa anapunguza. Alipopotewa na hesabu alisema namba pekee iliyobaki kichwani, ile iliyoandikwa kwenye kadi. Na lipo moja lisilolingana. Shimo la kumi na moja ni par tano, lakini kila mara Babu husema nne. Nikamuuliza mtunza nyasi. Akaniambia lilikuwa nne mpaka miaka mitatu iliyopita, waliposogeza nyasi fupi ng'ambo ya kijito. Mwongo angesema tano, asingejitafutia macho ya watu kwa kutaja namba iliyo chini ya par. Babu anacheza uwanja wa zamani.

Daktari alikuja Alhamisi. Anasema ni akili inayozeeka, na haitarudi nyuma.

Tafadhali iandikie kamati. Mimi ni mtoto, hawatanisikiliza. Na umwandikie yeye.

Struan


Ontario
16 Desemba 1967

Mwanangu,

Haikuwa posta. Barua yako ya Novemba niliipata, nikaiweka mfukoni nikashuka nayo mgodini wiki mbili. Sikujua mtu anaandika nini baada ya hapo.

Nilikujibu kwa hasira ya miaka ishirini na moja, nikaitia mkononi mwako uipeleke. Hilo si kosa lako, usilibebe.

Leo nimemwandikia Cargill kurasa nne, na daktari nimemwomba naye aandike. Wapelekee zile kadi wewe mwenyewe. Watakusikiliza. Mkataba wangu haunifungui mpaka Aprili, nimeuliza mara mbili. Ndani ya bahasha hii kuna ukurasa wa Babu yako. Msomee. Nimemwambia kwamba najua hakudanganya, na kwamba mtu anaweza kusahau mkwaju wake.

Mama yako anakubusu. Kula vizuri.

Baba yako


Pitkerrow
21 Januari 1968

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Sweta ya sufu mliyonitumia imefika, inanitosha.

Kamati ilikaa tarehe tano. Niliingia na kadi na daftari, nikaeleza shimo la kumi na moja. Hakuna aliyenikatiza. Bwana Geddes alifuta miwani yake muda mrefu. Wamemrudishia Babu uanachama na wameandika kwenye kitabu cha klabu kwamba hakukuwa na udanganyifu. Bwana Cargill alikuja nyumbani mwenyewe na barua, akamsomea jikoni, akamshika mkono. Babu alisema, "Asante, Archie," akamwekea chai. Nilikwenda chumbani kwangu nikalia kwa furaha, nakuambia wewe tu.

Jioni nilipompelekea chakula akasema, "Hawatanisalimia tena, unajua. Nimefutwa."

Nikamsomea barua. Akafurahi. Asubuhi akasema vile vile. Ukurasa wako nimemsomea mara sita, na kila mara anauliza nani ameandika vizuri hivyo, kisha anasema huyo mtu hajui kwamba yeye amefutwa.

Nimemuuliza daktari inakuwaje. Amesema jambo likirudiwa sana, na likimuuma mtu kila linaporudiwa, huweza kushika hata pale ambapo hakuna kingine kinachoshika. Mimi nilimwambia kila Jumamosi kwa wiki saba, Baba. Nilimwambia kwenye ngazi, nikamwambia langoni. Nilimfundisha. Habari njema namwambia kila asubuhi, na ikifika saa nne imekwisha kumtoka kichwani.

Juni sitakuja. Mitihani nitafanya hapa, na baada yake nitabaki. Tafadhali usinibishie, na Mama mwambie wewe.

Jana palikuwa na jua kidogo nikamtoa. Bwana Cargill alikuwa amelifungua lango akalishikilia. "Ingia, Wattie. Upepo umetulia, na Geddes anahitaji mtu wa kumfunga."

Babu alivua kofia, kitu ambacho sijawahi kumwona akimfanyia Bwana Cargill. Akasema, "Haifai, Archie. Mimi si mwanachama. Muulize mjukuu wangu, yeye ndiye anayejua."

Bwana Cargill akanitazama. Babu naye akanitazama, akingoja nimthibitishie.

Mwanao,
Struan