Mguu wa Salimu

Soni,
S.L.P. 27,
Lushoto.
14 Juni 1975

Mpendwa dada Dorkasi,

Shikamoo. Habari za Mwanza, na kifua cha shemeji kinaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Baridi mwaka huu ni kali, mama habanduki jikoni, ila ni mzima na anakula vizuri.

Dada, kuna jambo nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Unamkumbuka jirani yetu Salimu. Siku hizi ndiye dereva wa gari la zahanati ya kijiji, linalopeleka wagonjwa hospitali ya Bumbuli. Ni gari la otomatiki: halina klachi, gia zinajibadili zenyewe. Mwezi wa nne lilianza kushtukashtuka kila likienda polepole, hata mama mmoja mjamzito akaomba ateremshwe atembee. Kamati ya zahanati ikaniuliza mimi fundi wa magari. Bila hata kuingia uvunguni nikajibu, "Ni mguu wa Salimu, amezoea malori." Wakamnyang'anya ufunguo.

Dereva mpya naye akalalamika kwamba linashtuka. Ndipo nikaliendesha mwenyewe, nikamwomba Salimu akae pembeni yangu. Kwenye kona ya kwanza, mwendo mdogo, likashtuka.

"Na huo ni mguu wa nani, Fanueli?" akaniuliza.

Nikaanza upya. Nilipima oili ya giaboksi injini ikiwa ya moto na inanguruma: ilitosha, nyekundu, hainuki kuungua. Basi ndani ya giaboksi hakukuwa na hitilafu. Nikaingia uvunguni. Kuna mpira mwembamba unaovuta hewa kati ya injini na giaboksi, ili giaboksi ijue injini imeelemewa kiasi gani. Ulikuwa na ufa mdogo kama ukucha. Giaboksi ilikuwa inabahatisha tu, ndiyo maana ilibadili gia kwa kishindo. Nikaweka mpira mwingine, gari likatulia.

Jumatano niliomba kamati ikae. Nikasema mbele ya wote, Salimu akiwepo, kwamba kosa lilikuwa langu. Wakamrudishia ufunguo. Alitoka, akawasha gari, akanifungulia mlango.

"Panda, nikufikishe kwako."

Njia nzima halikushtuka hata mara moja. Mimi nilitazama nje tu, asiyaone macho yangu.

Mama anawasalimu, na mke wangu Yunis pia. Nisalimie shemeji na mpwa wangu Tobia. Mungu awafunike kwa amani yake huko mliko.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fanueli