Nilimsifu Hewani, Sasa Mume Wangu Anapanda Mlima na Kampuni Yake

Mpendwa Mama Eliona, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba jina langu ulifiche kwa sababu Moshi ni ndogo na sauti yangu inajulikana, mimi ni mtangazaji wa redio hapa mjini, na kila Alhamisi asubuhi nina kipindi cha kuwahoji watu walioanzisha biashara zao wenyewe.

Mwezi wa sita nilimhoji kaka mmoja, nimwite Shedrack, mwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, akasema alianza na jozi moja ya viatu na imani, akasema kila kitu pale amekibuni yeye, akasema wagumu wake, yaani wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni, anawalisha na kuwavisha kama ndugu zake wa tumbo moja, nami nikamuuliza, "Kwa hiyo hakuna aliyewahi kudhurika?" akanijibu, "Dada, miaka tisa, hakuna hata mmoja aliyeshuka amebebwa," na mimi kwa mdomo wangu huu nikasema hewani, "Wasikilizaji, huyu ndiye mwajiri wa mfano." Nilikuwa nimevaa koti jipya alilonizawadia nusu saa kabla. Na maswali karibu yote alikuwa amenitumia yeye kwenye simu, nikayasoma kama yalivyo.

Mume wangu Kornel naye ni mgumu, amebeba mizigo miaka sita na kampuni moja ya Marangu, siku hiyo alikuwa nyumbani Kibosho akikata majani ya ng'ombe huku redio imewashwa, nilivyorudi akaniambia, "Kama wewe umemthibitisha, mimi nahamia kwake," akaacha kazi yake, na sasa amepangiwa safari ya kwanza tarehe ishirini na mbili, siku nane mlimani.

Juzi mama mmoja kutoka Tarakea alikuja mapokezi ya redio akaniulizia, anaitwa Mektrida, akaweka picha ya mumewe mezani. Akaniambia, "Mwanangu, huyu ni Valerian. Alibeba mizigo ya yule bwana. Mwaka jana mwezi wa pili aliugua kule juu, kichwa na kifua, akalala kwenye hema linalovuja, hana koti la maana. Asubuhi wakaambiwa mgeni ameshalipia kilele, mgonjwa asubiri. Nilimpokea kwenye geti la mlima amefunikwa." Akaniuliza polepole, "Ulivyokuwa unacheka naye redioni, ulimuuliza nani mwingine?"

Nilimpigia Shedrack, akanijibu kwa upole ulionitisha kuliko matusi, akasema yule mama ana majonzi, marehemu alikuwa na ugonjwa wake wa zamani, kisha akasema, "Dada, tumejengana, tusibomoane." Bosi wangu anasema kampuni ile ndiyo inayodhamini kipindi na tarehe ishirini na moja Shedrack anarudi studio kuzungumzia mafanikio ya mwaka. Kornel sijamwambia kitu. Naogopa akijua atasema nilimpeleka mimi, naogopa nikinyamaza asirudi, nikimwona anapanga soksi zake kwenye begi natamani kuzitoa. Nifanye nini, mama?

Mwenye Hofu, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumatatu, na kwa kuwa safari ya mumeo haingoji gazeti, nilikupigia simu siku ileile. Naandika hapa kwa ajili yako na kwa wengine wanaosikiliza redio wakaamini.

Hofu yako ni ya haki, wala sitakuambia uitoe. Mtu anayeogopa kumzika mumewe hana wazimu. Lakini uliposoma maswali aliyoyaandika mwenyewe anayehojiwa, uliacha kuwa mtangazaji ukawa mpiga debe wake. Na koti ulivaa. Ulidhani mtu anaweza kumbana aliyemvisha dakika thelathini zilizopita?

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Mwenye biashara akijihadithia, si lazima awe mwongo, ila anasimulia upande aliokaa yeye. Msikilize maneno yake. Palipostawi ni "mimi", palipoharibika ni "bahati mbaya" au "ugonjwa wa zamani". Miaka tisa ya mlima na hana hata siku moja mbaya ya kusimulia? Hapo ndipo ulitakiwa kusimama. Shahidi wake alikuwa yeye mwenyewe, na waliobeba mizigo hukumwita hata mmoja. Wewe ni mke wa mgumu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nilikuambia kwenye simu umweleze Kornel kabla hajala chakula cha jioni, ukamweleza. Umeniambia alikuuliza, "Ulijua lini?" ukasema, "Siku nne zilizopita," akatoka kwenda kulala kwa kaka yake. Usimlaumu. Siku nne ulimtazama akifunga begi.

Asubuhi alirudi, na Jumatano mkaenda wote Tarakea. Hiyo ndiyo kazi uliyotakiwa kuifanya mwezi wa sita. Mektrida aliwapeleka kwa wagumu wawili waliokuwa kwenye safari ile, kila mmoja mkamsikiliza peke yake, kwa sababu mjane naye ana upande wake na uchungu wake, na haki inataka naye apimwe. Wote wawili wamesema hema lilivuja na mgonjwa aliambiwa asubiri. Kuhusu ugonjwa wa zamani, hawakuujua. Kornel amesharudisha fulana ya kampuni. Kule Marangu nafasi yake imechukuliwa na mtu mwingine, hivyo atakaa nyumbani msimu huu, nawe utaubeba ukimya wake bila kujitetea.

Imebaki studio. Kesho mrudishie Shedrack koti lake, mwandikie kwamba utamuuliza habari za Valerian, umwambie mapema ili asiseme umemvizia. Usimwite muuaji, maana hilo hulijui. Uliza nani aliamua mgonjwa asubiri, umwache ajibu kwa sauti yake. Waliotoa ushuhuda waulize kama wanakubali kutajwa, wakikataa waheshimu, wana watoto wa kulisha. Bosi wako mpe maelezo yao kwa maandishi, na nakala ibaki kwako. Akikukataza, uwe tayari kutafuta kazi nyingine, na huenda ukahitaji.

Kabla hujampa Shedrack nafasi ya kusema neno, waambie wasikilizaji kwamba mwezi wa sita uliwathibitishia jambo ambalo hukulichunguza. Sema ulisoma maswali yake. Kisha taja jina kamili la Valerian na kijiji chake, taratibu, ili Mektrida aliyekaa Tarakea asikie umelitaja sawasawa.