Gari la Baba Halilali Tena

Kaka Jabir,

Shikamoo. Hapa Kilindoni sote wazima. Lile gari la mbio la Baba, la zamani, lililokuwa likitoka sikukuu tu, sasa linatoka kila siku. Siku ya Jumanne Baba alimpeleka Mama hadi Bweni, wakarudi wamejaa vumbi, wanacheka.

Nikauliza, "Baba, kulikoni?"

"Daktari kasema macho yangu hayafiki mwakani. Sasa nalitunza la nini?"

Nikaingia jikoni, nikalia. Mara nikasikia honi. Natoka, namkuta Mama ameshika usukani, Baba pembeni anamfundisha.

"Kanyaga mafuta, bibi!"

Ameshagonga ua wetu mara mbili, na kushuka hataki. Ukija kutoka Maskati, yeye ndiye atakayekupokea uwanja wa ndege. Usiogope, kaka, ila njoo upesi.

Mdogo wako,
Muna